Kusomea udaktari ukiwa mtu mzima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nayapata kila mara, kwa walimu, manesi, watu wa benki, kuna mpaka fundi umeme mmoja alinitafuta. Mimi nilikuwa mhasibu, nikaingia MD, yaani digrii ya udaktari wa binadamu, nikiwa nimeshavuka thelathini, sasa hivi niko wodini nafanya kazi. Najibu kwa Tanzania kwanza maana ndiko ninakokujua, Kenya na nchi nyingine nimezigusa huko chini. Ukitaka jambo moja tu la kushika, shika hili: kinachomkwamisha mtu mzima kwenye hii safari mara nyingi siyo akili wala miaka, ni cheti cha fizikia na hela. Anza na hivyo viwili kabla hujamwambia bosi wako chochote.

Nina miaka 30 na kitu, sijachelewa?

Hakuna sheria inayokataza mtu wa miaka 38 kusoma MD. Chuo kinaangalia vyeti, hakiulizi una mvi ngapi. Ila kuna namba mbili lazima uzijue, 35 na 45.

35 ni ya Bodi ya Mikopo. Mwongozo wao unasema mwombaji asizidi miaka 35 wakati anaomba, na asiwe na ajira yenye kipato cha kudumu. Umekuwa pia unaangalia ulimaliza lini kidato cha sita au diploma, kwa hiyo mwenye cheti cha zamani sana anaweza kukwama hata kama umri bado unamruhusu. 45 ni ya ajira serikalini, ukisoma tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira utaona wameandika umri usiozidi miaka 45 isipokuwa kwa walioko kazini serikalini tayari.

Sasa piga hesabu. MD ni miaka 5, intanshipu, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, mwaka 1, hapo 6. Ukianza na miaka 33 unatoka na 39, una nafasi ya kutosha. Ukianza na 40 unatoka na 46, na kama hukuwa mtumishi wa umma basi mlango wa serikali umeshafungwa, utabaki na hospitali binafsi, mashirika, hospitali za dini au kituo chako mwenyewe. Siyo mwisho wa dunia, lakini ni maisha tofauti kabisa na unatakiwa uyachague ukiwa unajua. Inaniuma sana kuona mtu amefika mwaka wa nne ndo anagundua habari ya 45.

Sikusoma sayansi A-level. Nina HKL, EGM au HGE. Nifanyeje?

Hapa ndipo penye kazi, nitakaa kidogo.

Kwa anayetoka kidato cha sita MD inataka principal pass tatu, fizikia, kemia na baiolojia, pointi zisipungue 6, halafu kila chuo kina daraja lake la chini kwa kila somo. CBG (kemia, baiolojia, jiografia) haikusaidii maana haina fizikia, na hili watu wengi wanalijua wakati wameshachelewa. Digrii yako ya biashara au sheria, hata kama ni first class, haijazi hilo pengo. Kwa hiyo una njia mbili za kweli.

Ya kwanza ni kurudi kusoma PCB, yaani hiyo fizikia, kemia na baiolojia, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ili NECTA, Baraza la Mitihani, wakusajili kidato cha sita unatakiwa uwe na credit tatu za kidato cha nne, yaani C kwenda juu. Kama fizikia ya form four ulipata F, kaa nayo kwanza, wengi wanarisiti hayo masomo ya sayansi ndo wanapanda. Mtihani ni mwezi wa tano kila mwaka. Ugumu wenyewe uko kwenye practical. Nadharia unaweza kusoma usiku nyumbani, kuna tuisheni, kuna masomo ya bure mtandaoni, lakini titresheni huwezi kujifunza kwa kuangalia video, lazima ushike byureti mwenyewe ukosee mara nyingi mpaka ujue kufunga koki kabla rangi haijapitiliza. Kwa hiyo kabla hujalipa hela ya kituo, omba uingie maabara yao uone kwa macho. Ukikuta meza zina vumbi na chupa za kemikali zimekauka, toka utafute kwingine, hata kama ni karibu na kwako.

Ya pili ni diploma ya utabibu, clinical medicine, miaka 3. Hii inataka cheti cha kidato cha nne tu, ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, ndani yake kemia, baiolojia na fizikia. D zinakubalika, na hesabu na kiingereza vinakuongezea nguvu. Ukimaliza na GPA ya 3.0 au wastani wa B unaweza kuomba MD, ila watakudai tena form four: D kwenda juu kwenye hesabu, kemia, baiolojia, fizikia na kiingereza. Rudia kusoma hiyo sentensi. Nawajua matabibu wazuri sana, wana GPA ya kutisha, wanatibu watu kila siku, lakini wamekwama kwa sababu ya F ya hesabu waliyoipata wakiwa na miaka 17.

Kati ya hizo mbili wewe unashauri ipi?

Kwa mtu mzima mwenye familia, mimi nashauri diploma, japo inaonekana ndefu. PCB ukifeli umebaki na mikono mitupu. Diploma ukimaliza una taaluma, umesajiliwa, unaweza kuajiriwa dispensari au kituo cha afya ukaingiza hela ukiwa unajipanga. Na ukifika MD mwaka wa tatu mnapoingia wodini wewe umeshazoea kumhoji mgonjwa, umeshafunga drip mpaka umechoka, wakati wenzako wanatetemeka. Pale mwanzoni kwenye biokemia utahangaika kuliko waliotoka form six, hilo kubali tu.

PCB inamfaa mwenye umri mdogo kidogo, au aliyesoma sayansi zamani akaacha, mwenye msingi. Kama ulisoma PCM (fizikia, kemia, hesabu) na uko injinia, umebakiza baiolojia tu, hiyo ni njia fupi kabisa.

Nilimaliza form six 2014 au 2015, madaraja yangu yanahesabiwaje?

Vizuri umeuliza maana kipindi hicho mfumo ulikuwa tofauti. Kwa waliomaliza 2014 na 2015, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Kwa wengine wote, kabla ya 2014 na kuanzia 2016, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Usichanganye, kuna watu wanajikatia tamaa bure na wengine wanajipa matumaini bure. Cheti chenyewe hakiishi muda, cha mwaka 2005 bado ni cheti.

Kuna MD ya jioni au wikendi? Chuo Kikuu Huria je?

Hakuna. Chuo Kikuu Huria hawana MD na sioni itawezekanaje, wodi haisomwi kwa njia ya posta. Ni kutwa nzima, miaka mitano, na kuanzia mwaka wa tatu hata usiku na wikendi siyo vyako tena.

Kwa hiyo niache kazi?

Kama uko serikalini, usiandike barua ya kuacha kazi, nakuomba. Nenda kwa afisa utumishi uulize habari ya ruhusa ya masomo. Kwa kawaida wanataka uwe umethibitishwa kazini na jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo wa ofisi, na hayo mambo yanapangwa mapema siyo wiki mbili kabla chuo hakijafungua. Ukipata ruhusa unalinda ajira yako, na ile 45 haikuhusu tena kwa namna ile ile. Watumishi wa afya, manesi na matabibu, wanaipata kwa urahisi zaidi kuliko mwalimu anayetaka kuhama kada, lakini mwalimu naye aombe, akikataliwa akataliwe kwa maandishi.

Sekta binafsi ni ngumu zaidi. Mimi niliacha kazi nikiwa nimeweka akiba ya ada ya miaka miwili na kodi ya nyumba, na nilikuwa nafanya mahesabu ya maduka ya watu wakati wa likizo. Miaka ile miwili ya kwanza unaweza kubangaiza kidogo likizo. Ukishaingia wodini kibarua kinakufa. Halafu usipige hesabu kwamba mafao ya NSSF ndo yatakuwa ada, nenda ofisini kwao kwanza uulize aliyeacha kazi mwenyewe anapata nini na lini.

Inagharimu kiasi gani?

Ada za vyuo vya serikali, yaani MUHAS ya Muhimbili, UDOM ya Dodoma, kile cha UDSM kilichoko Mbeya, SUZA kwa Zanzibar, ziko chini sana ukilinganisha na vyuo binafsi na vya dini kama Hubert Kairuki pale Mikocheni, CUHAS Bugando au KCMC Moshi. Tofauti ni ya mara kadhaa, siyo ya laki moja mbili. Ada za mwaka husika ziko kwenye tovuti ya kila chuo, chukua za huko, usichukue za kuambiwa.

Ila ada siyo gharama yote. Kuna stethoskopu, makoti, vitabu, nauli ya kwenda hospitali za mazoezi, mafunzo ya vijijini, bima. Kuna kodi ya nyumba maana wewe hutakaa hosteli na watoto wa miaka 20. Na kuna gharama ambayo haiandikwi popote, ni mshahara ambao huupati kwa miaka mitano. Kaa na mwenza wako chini mwandike hiyo namba kwenye karatasi. Kama hamwezi kuiangalia pamoja bila ugomvi, bado hamjawa tayari, ahirisheni mwaka mmoja.

Masomo yenyewe yakoje? Kichwa changu kimeshika kutu.

Miaka miwili ya kwanza ni anatomia, fiziolojia, biokemia, baadaye mikrobiolojia, patholojia, famakolojia. Siyo magumu kama watu wanavyodhani, ni mengi. Mhasibu kama mimi nilizoea kuelewa kanuni moja na kuitumia mahali pengi, kule unapewa mishipa ya mkono mzima uikariri kwa majina na njia inapopita, na Ijumaa kuna mtihani wa vituo, umesimama mbele ya mwili, pini imechomekwa kwenye kitu chembamba cha rangi ya kijivu, una sekunde chache useme ni neva gani na ikikatwa mgonjwa atashindwa kufanya nini, kengele inalia unasogea. Formalini inakuchoma macho na harufu unarudi nayo nyumbani. Wiki ya kwanza wengi hawali nyama. Inapita.

Watu wazima tunachelewa kukariri lakini tukielewa hatusahau haraka, hivyo ndivyo nilivyoona kwangu na kwa wenzangu wa rika langu. Kinachosaidia ni kusoma kidogo kila siku, ile ya kukesha wiki ya yu-ii, mtihani wa mwisho wa muhula, na kikombe cha kahawa waachie vijana. Tafuta kundi la kusoma, watu wanne wanatosha, na usione aibu kuomba desa, yaani noti za kusomea, kwa mtoto ambaye angekuwa mdogo wako wa mwisho, wanagawa vizuri tu. Ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, siyo aibu, wengi wanapata, ufanye tu. Kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, ndo kubaya, na mara nyingi anayedisko ni yule aliyejificha mapema, hakumwambia mtu kwamba haelewi. Mlezi wako wa masomo yupo kwa hilo, mtafute wiki ya tatu, usingoje ya kumi na tatu.

Nikiwa wodini na umri huu, si nitadharauliwa?

Kinachotokea mara nyingi ni kinyume chake, na kina shida yake. Mnaingia raundi asubuhi, mbele yuko daktari bingwa, registra (daktari aliye chini ya bingwa), maintani, nyuma yenu ninyi wanafunzi mmebanana pembeni ya kitanda, mgonjwa anaangalia kundi zima halafu anakugeukia wewe mwenye umri, "Daktari, naomba uniambie ukweli, nitapona?" Na wewe ni mwaka wa tatu hujui hata dozi. Jifunze kusema mapema, mama shikamoo, mimi ni mwanafunzi, daktari wako ni yule pale, nitamfikishia swali lako. Na kweli umfikishie.

Registra anaweza kuwa mdogo kwako miaka sita na akakukaripia mbele ya watu kwa sababu hukupima presha. Hapo wodini yeye ndo mkubwa wako, nyumbani atakuamkia. Ukishindwa kuvitenganisha hivyo viwili utateseka sana. Ila umri unakupa kitu pia. Nimekaa na ndugu waliofiwa usiku wa manane na nikaona kwamba kujua kunyamaza, kujua kumuita baba mkubwa pembeni kwanza kabla ya kumwambia mama mtoto, hayo sikufundishwa darasani, nilikuja nayo kutoka kwenye misiba ya kwetu.

Nina watoto wadogo, inawezekana?

Inawezekana, wapo wengi, na nisikudanganye kwamba haikugharimu. Mwaka wa tatu na wa tano ndo migumu, mwaka wa intanshipu ni mgumu kuliko yote kwa sababu ya zamu za usiku. Unachohitaji siyo msaada wa jumla jumla, unahitaji mtu mwenye jina. Nani anampeleka mtoto shule Jumanne ukiwa umelala wodini? Kama jibu ni tutaona, bado. Kama jibu ni dada yangu Pili na amekubali, sawa.

Kina dada wanaouliza kuhusu ujauzito, vyuo vina utaratibu wa kuahirisha mwaka, unaandika barua, haumaanishi kufukuzwa. Ahirisha kwa maandishi. Usipotee tu.

Waume wa wanafunzi nao niwaombe kitu. Mke akiwa anasoma anatomia saa nne usiku hakukimbii, anasoma.

Baada ya MD inakuwaje?

Unafanya intanshipu miezi 12 kwenye hospitali iliyoidhinishwa, unazunguka idara kubwa, magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake, unalipwa posho. Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalosajili, Zanzibar wana baraza lao. Ukimaliza na kufuzu masharti yao unapata usajili kamili.

Kazi. Nitasema ukweli maana wengi wanaficha: siku hizi kuna madaktari wako mtaani wanasubiri ajira, wengine wanajitolea. Nafasi za serikali zinatangazwa, waombaji wanakuwa wengi kuliko nafasi, kuna usaili. Kwa hiyo kama unaacha kazi nzuri ya benki ukitegemea utajiri, hesabu haitakaa sawa. Ubingwa, MMed, ni miaka 3 au zaidi juu ya hapo. Aliyeanza MD na 34 akienda ubingwa haraka haraka anatoka bingwa kwenye miaka ya arobaini na kitu, kustaafu kwa lazima kwa mtumishi wa kawaida ni 60. Bado ni miaka mingi ya kutibu watu. Mimi naona inatosha.

Kuna mtu yeyote aliyewahi kufanikiwa na umri mkubwa?

Wapo wengi ambao hawajulikani. Kwa wanaojulikana, Albert Schweitzer alikuwa mwanateolojia na mpiga kinanda mkubwa Ulaya, akaanza udaktari mwaka 1905 akiwa na miaka 30, mwaka 1913 akaenda Lambaréné, Gabon, kuanzisha hospitali. Wa siku hizi ni Carl Allamby wa Cleveland, Marekani, alikuwa fundi magari mwenye gereji yake miaka mingi, akawa daktari wa dharura akiwa kwenye miaka ya arobaini mwishoni. Lakini usiende kwa sababu ya Allamby, nenda kwa sababu umekaa wodini ukaona kazi yenyewe na bado unaitaka. Omba hospitali ya wilaya wakuruhusu ujitolee hata kwenye masijala wiki kadhaa, ukisikia harufu ya wodi ya wanaume mwezi wa pili kukiwa na joto utajijua.

Niko Kenya, Uganda au nje kabisa, inanihusu?

Kenya ni MBChB, miaka 6, halafu intanshipu mwaka mmoja, msimamizi ni KMPDC, baraza la madaktari la huko. Wanaangalia KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, wastani wa C+ kwenda juu na masomo ya klasta yenyewe, na clinical officer mwenye diploma nzuri ana njia yake. Intanshipu ya huko nayo ina mvutano, mgomo wa madaktari wa 2024 ulichukua siku 56 na suala la maintani lilikuwa katikati yake, kwa hiyo weka akiba ya kusubiria. Uganda ni miaka 5 na intanshipu.

Marekani ni ndefu zaidi, digrii ya kwanza yenye masomo ya sayansi, mtihani wa kuingilia udaktari uitwao MCAT, miaka 4 ya chuo cha udaktari, halafu residensi, mafunzo ya kazi hospitalini, kuanzia miaka 3. Manesi wetu walioko huko wananiuliza sana hili, na kwao ushauri wangu ni wamalize kwanza kemia na fizikia kwenye koleji ya jirani kabla ya kuamua.

Anayetaka kwenda India au China kwa sababu ya mawakala wa mtaani, pita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwanza uhakikishe chuo kinatambulika na upate hati yao ya kutokuwa na pingamizi. Fanya hivyo kabla ya kulipa hata shilingi.

Nyaraka gani zinasumbua watu wazima?

Majina. Form four unaitwa hivi, kitambulisho cha NIDA hivi, cheti cha ndoa kimeongeza la mume. Tengeneza deed poll, hati ya kisheria ya majina, mapema kwa wakili na uisajili. Cheti cha kuzaliwa kama unaomba mkopo kinahakikiwa RITA. Cheti kilichopotea unaanzia polisi, kisha NECTA, na inachukua muda.

Maombi yanafanyika lini na wapi?

Unaomba moja kwa moja kwenye chuo, siyo TCU. Dirisha la kwanza kwa kawaida linafunguliwa baada ya matokeo ya form six, kwenye mwezi wa saba, na baadaye kunakuwa na awamu nyingine kwa nafasi zilizobaki, ila za MD hazibaki nyingi. TCU wanatoa vitabu vya mwongozo kila mwaka, kimoja cha waliotoka form six na kingine cha wenye diploma, pakua kinachokuhusu usome ukurasa wa chuo unachokitaka, siyo muhtasari wa kwenye makundi ya WhatsApp. Kukidhi vigezo siyo kuchaguliwa, Muhimbili kwa mfano wanaoingia wana pointi za juu kuliko kile kiwango cha chini, kwa hiyo omba vyuo kadhaa. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja utatumiwa namba ya siri kwa SMS, unaitumia kuthibitisha chuo kimoja ndani ya siku walizotangaza. Usibadilishe laini ya simu kipindi hicho.